Majina Hayapo: Safari ya Sanamu za Askari kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam

Jumatatu, Nairobi

Maelfu ya watu hupita Kenyatta Avenue kila siku mbele ya watu watatu wa shaba waliosimama juu ya jiwe, na ni wachache mno wanaosimama kuwatazama. Mimi nimeamua safari yangu ianzie kwao. Kesho nashuka Mombasa, kisha nivuke mpaka Horohoro, nilale Tanga, nimalizie Dar es Salaam. Sababu ni kwamba sanamu za ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza katika miji hii mitatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zilitoka kwa mchongaji mmoja: Mwingereza James Alexander Stevenson. Zilizinduliwa mwaka 1927 na 1928, vita ikiwa imekwisha karibu miaka kumi. Tanga hakuna sanamu yake. Tanga nafuata makaburi.

Stevenson alikuwa akitia sahihi kwenye kazi zake kwa jina la Myrander, jina alilolitunga kwa kuunganisha la mkewe Myra na lake mwenyewe Alexander. Kwa hiyo jina la mke wa mchongaji lipo kwenye shaba.

Hawa watatu wa Nairobi wanastahili kutazamwa mmoja mmoja. Yuko askari wa KAR, yaani King's African Rifles, na bunduki yake. Yuko mwenzake wa pili katika mavazi tofauti. Na yuko mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi. Mpagazi hana bunduki, na bado Stevenson hakumweka chini wala nyuma. Kampa jiwe lile lile na urefu ule ule wa askari. Nimezunguka mara kadhaa nikitafuta dalili yoyote ya kumshusha na sikuiona. Kwa kazi iliyofanywa katika himaya ya Waingereza miaka ya 1920, wakati Mwafrika Nairobi alikuwa anatembea na kipande shingoni, huo ni uamuzi mzito, na Stevenson anastahili heshima yake.

Chini yao kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Aliyetunga ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanasema huu ni ukumbusho wa askari wenyeji waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliotumika na kufa Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Mwisho kuna ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Hapo ndipo nilipokwama. Nimelizunguka jiwe lote, mbele, nyuma, ubavuni. Hakuna jina hata moja.

Kipling alijua uzito wa jina kuliko wengi. Mwanawe wa kiume wa pekee, John, alipotea vitani Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Baba akamtafuta miaka na miaka, akahoji waliorudi, na akafa mwaka 1936 hajauona mwili. Lakini jina la John lilichongwa kwenye ukuta wa ukumbusho wa Loos, pamoja na majina ya maelfu ya wenzake ambao makaburi yao hayajulikani. Ni Kipling huyo huyo aliyekuwa mshauri wa maandishi wa tume ya makaburi ya vita ya himaya, na ndiye aliyechagua katika maandiko matakatifu maneno ya kuwekwa kwenye mawe ya ukumbusho kila mahali: kwamba jina lao litaishi milele. Simchukii. Mtu aliyefiwa vile huwezi kumchukia. Ila nilisimama pale nikijiuliza ni nani aliyemwambia kwamba baba wa Kikamba au mama wa Kikikuyu hakuwa na haja ya ukuta kama ule wa Loos.

Mzee mmoja anayepiga rangi viatu pembeni alinitazama nikizunguka, mwishowe akauliza kama nimepoteza kitu.

"Hapana, mzee wangu. Nawatazama hawa. Wewe unawajua?"

"Yule wa kule juu namjua, Kimathi," akasema, akionyesha kwa brashi upande wa Mtaa wa Kimathi, ambako tangu 2007 kuna sanamu ya Dedan Kimathi. "Hawa ni askari wa mkoloni. Majina yao sijui."

Nikamwambia hakuna anayeweza kuyajua kwa kusoma hapa, maana hayakuandikwa. Akaacha kusugua kiatu, akawatazama kwa muda. "Hata moja?" Hata moja, mzee.

Jumanne, ndani ya treni

Treni ya Madaraka inakimbia. Mtito Andei, kisha nyika nyekundu ya Tsavo, kisha Voi. Kwa anayefuatilia vita hii, Voi ndiyo njia panda. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta Agosti 1914, na kwa mwaka mzima na zaidi vikundi vyao vilikuwa vikipenya huku kulipua reli ya Uganda. Waingereza wakajenga tawi la reli kutoka Voi kwenda Maktau ili wafikishe jeshi chini ya Kilimanjaro. Februari 1916 wakapigwa kwenye kilima cha Salaita. Machi wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakapita. Makaburi ya kijeshi yamebaki Voi, Maktau na Taveta, safi, yenye mawe yaliyopangwa sawasawa.

Kwetu ni Taita, na vilima vyetu naviona dirishani ninapoandika. Babu mzaa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917. Kwetu hawasemi alijiunga, wanasema alichukuliwa. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari wapi wala lini. Jina lake nalijua kwa sababu moja tu: lilirithishwa kwa mjukuu, na mimi ni wa tatu kuitwa hivyo.

Mwaka ule wa 1917 ndio uliokuwa mbaya kupita yote. Vita ilikuwa imesogea kusini, Rufiji, Kilwa, Lindi, ambako hakuna reli, na magari yalizama matopeni, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Serikali ya Nairobi ikampa John Ainsworth kazi ya kukusanya watu, na kwa miezi michache wilaya zikakamuliwa wanaume zaidi ya 100,000. Machifu walipewa idadi, askari wa machifu wakapita usiku nyumba kwa nyumba.

Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi, mbali na chungu na blanketi lake mwenyewe. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, kwa sababu walipewa unga uliosagwa vibaya na hawakupewa muda wala kuni za kuupika ukaiva; wakauawa na homa ya mapafu kwenye mvua, na malaria. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, aliandika na kulalamika sana kuhusu chakula na matibabu. Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria waliozichambua baadaye wanaona idadi ya kweli huenda ilifikia 100,000 au kuizidi.

Lakini hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kabla hatujafika Mombasa. Wapagazi waliandikishwa. Kila mmoja alipewa kibati chenye namba, akakivaa. Kulikuwa na rejesta. Baada ya vita, mishahara ya waliokufa ambao ndugu zao hawakupatikana ilibaki bila kulipwa, na serikali ya Kenya na ya London zikavutana kwa miaka mingi kuhusu fedha hizo. Huwezi kugombea mshahara wa mtu ambaye hukumwandika popote. Majina yalikuwepo, hata kama mengi yaliandikwa vibaya na makarani wasiojua lugha za watu.

Jumatano, Mombasa

Mahamri na mbaazi kwanza, kisha Mwembe Tayari.

Sanamu za Mombasa ziko kando ya Jomo Kenyatta Avenue, na zimezungukwa na harakati ambazo Nairobi hazipo: mabasi ya Tanzania, wauza maji, mikokoteni, wapiga debe. Shaba ni ile ile, mkono ule ule, maneno yale yale ya Kipling kwa lugha tatu. Tofauti ni kwamba hapa vita ilikuwa na sura ya kipwani. Waarabu na Waswahili wa mji huu walikuwa na kikosi chao, Arab Rifles, kilichoundwa na afisa Mwingereza Arthur Wavell, mtu aliyekuwa na shamba hapa pwani na aliyejua Kiarabu. Wavell aliuawa Mwele, bara ya Kwale, Januari 1916, pamoja na vijana wake kadhaa. Yeye mji huu ulimwekea ukumbusho wenye jina lake.

Mchana nikaenda Ngome ya Yesu kuona mizinga miwili. Mmoja ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mwingine ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyofanya kazi hiyo, ambayo nayo ilijificha kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915 ilipokwisha. Wajerumani waliiopoa mizinga yake, ikaburutwa hadi Dar es Salaam na watu mamia kwa kamba, ikatengenezewa magurudumu, ikapigana nchi kavu hadi 1917. Watoto wa shule waliovaa sare za kijani walikuwa wanaupanda mmoja baada ya mwingine ili wapigwe picha. Mwalimu wao akawaeleza jina la meli, urefu wa mdomo wa mzinga, mwaka. Alieleza vizuri sana. Kisha mtoto mmoja wa kike, labda miaka kumi, akauliza, "Mwalimu, nani aliubeba?" Mwalimu akamjibu, "Watu."

Kutoka hapa Kilindini ndiko wapagazi wa bara walikopakiwa kwenye meli kwenda Kilwa na Lindi. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona bahari.

Alhamisi, Likoni hadi Tanga

Feri ya alfajiri, halafu Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga. Mpakani tumepita haraka, mhuri upande huu, mhuri upande ule, maana ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja siku hizi.

Kushoto kwetu, kuelekea baharini, ndiko Jasini. Januari 1915 kulikuwa na mapigano ya siku mbili pale kwenye mashamba ya mkonge, Wahindi wa jeshi la Kiingereza wakazingirwa, wakaishiwa risasi, wakajisalimisha. Kutoka barabarani huoni lolote, na basi halisimami.

Ijumaa, Tanga

Tanga ni mji unaokukaribisha kwa utulivu. Mitaa imenyooka, miembe ya zamani, baiskeli kila mahali. Nimeamka mapema nikaenda Ras Kasone, ambako tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilianza kushusha jeshi kutoka India, watu 8,000 hivi chini ya Jenerali Aitken. Kabla ya kushuka, afisa wa manowari Fox alikwenda ufukweni kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana hapa yamevunjwa. Muda huo ulimtosha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuleta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Walifika kama 1,000. Siku ya tarehe 4 wakapigana ndani ya mashamba ya mpira na minazi na kwenye mitaa hii hii. Nyuki wakatoka mizingani wakashambulia pande zote mbili. Kufika jioni ya tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki mamia na risasi zaidi ya laki tano. Waliokufa upande wao walikuwa 360 hivi.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa Lettow-Vorbeck. Mimi naitazama kwa jicho jingine. Askari wake wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na Wasudani waliozaliwa kambini. Wahindi waliokufa ufukweni walitoka Kashmir, Rajputana na Madras. Watu wa nchi za mbali walikutanishwa Tanga wauane kwa ajili ya wafalme wawili waliokuwa na undugu wa damu.

Mtunza makaburi ni mzee mpole, kanzu kuukuu, fagio la chelewa mkononi. Nilimkuta anafagia majani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Una ndugu hapa?"

"Hapana, babu. Namtafuta wa kwetu Taita, alikuwa mpagazi. Najua hayupo hapa, lakini nimeona nianze kuuliza."

Akaegemeza fagio ukutani. "Hapa wamelala Waingereza na Wahindi. Wa mizigo walizikwa walikoangukia. Kama walizikwa." Kisha akaniambia niketi kivulini kwanza, jua kali, akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Nilikaa muda mrefu. Adhana ya Ijumaa ilipoanza, mzee akafunga geti dogo kwa kipande cha waya, tukaongozana hadi msikitini.

Jumamosi, Tanga hadi Dar es Salaam

Muheza, Segera, Mkata, Chalinze, Mlandizi. Kutoka Muheza njia moja huenda Pangani, mji ambako Abushiri bin Salim alinyongwa Desemba 1889 baada ya Mjerumani Hermann von Wissmann kuyazima mapambano ya watu wa pwani. Jina la Wissmann litarudi kesho. Foleni imeanza Kibaha, nikaingia Dar usiku.

Jumapili, Dar es Salaam

Nimechagua Jumapili makusudi, kwa sababu siku za kazi kukivuka kipilefti cha Samora na kufika kwenye Sanamu ya Askari ni kuhatarisha maisha. Leo mtaa umelala. Nimeweza kulitazama sanamu kwa utulivu, pande zote nne, asubuhi nzima.

Huyu yuko peke yake. Wa Nairobi wamesimama kama walio kwenye gwaride, huyu anakwenda. Mguu mmoja mbele, mwili umeinama, bunduki kaishika kwa mikono miwili, na singe yake imeelekea bandarini. Ukisimama chini yake upande wa singe unahisi kusogea pembeni. Mikunjo ya kaptula, mshipi, vidole kwenye bunduki, vyote vimefanyiwa kazi na mtu aliyekuwa na subira. Shaba ilisubiwa na kiwanda cha Morris huko Westminster, London, na kabla ya kupakiwa melini sanamu ilionyeshwa Royal Academy, wajuzi wakaisifu. Kwenye mbavu za jiwe kuna michongo ya shaba iliyochomoza, na humo wapagazi wamepewa nafasi yao. Maandishi ya Kipling yapo, safari hii Kiswahili kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokuwa wakiandikiana barua.

Kabla ya vita mji huu ulikuwa na sanamu nyingine, ya Wissmann, iliyowekwa na Wajerumani. Picha zake zipo, na ukizilinganisha na hii utaelewa kwa nini ubunifu wa sanamu ni jambo la kisiasa. Wissmann alisimama juu, mkono karibu na upanga, akitazama mbali. Chini yake, kwenye ngazi za jiwe, alikuwepo askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua shingo, na bendera ya Ujerumani ikiangukia juu ya simba aliyekufa. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916 waliing'oa, wakaipeleka London kama ngawira. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg mwaka 1922, na hapo ikakaa hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968.

Kwa hiyo ndani ya miaka michache askari alipanda kutoka miguuni pa bwana hadi juu kabisa ya jiwe, na bwana akaondoka. Hakuna jenerali hapa, hakuna mfalme, hakuna farasi. Mtaa ulibadilika majina, ukawa Acacia, ukawa Independence, sasa Samora, na nchi ikapata uhuru, sanamu nyingi za ukoloni zikaondolewa Afrika nzima, huyu akabaki. Nadhani amebaki kwa sababu watu walimwona ni wa kwao.

Ila wazee wa Dar es Salaam walimwita Bismini, yaani Wissmann. Jina la yule wa zamani lilimhamia huyu wa shaba mpya, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupewa lolote.

Jioni nilipata bahati ya kukaa na bwana mmoja wa Gerezani anayeijua historia ya mji huu, na nilipomweleza kilio changu cha majina akanikatiza kwa upole. "Yapo mengine, kaka. Chukua familia ya Sykes." Ni kweli, na habari zao ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Sykes Mbuwane aliletwa na Wissmann kutoka Msumbiji kuwa askari. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa 1894, akapigana Vita Kuu chini ya Lettow-Vorbeck, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa walioanzisha African Association, chama ambacho kwa njia ndefu kilizaa TANU. Wanawe Abdulwahid na Ally wakapigana Burma katika vita ya pili wakiwa KAR, wakarudi wakiwa watu wa siasa. Hapo ahadi ya Kipling ilitimia: watoto walilikumbuka jina la baba. Lakini walilikumbuka kwa sababu baba alirudi hai, akawasimulia, akawasomesha. Sanamu haikuwasaidia.

Jumatatu, Dar es Salaam

Asubuhi nimekwenda makaburi ya vita, kando ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Nyasi zimekatwa kama zulia. Kila jiwe lina jina, cheo, kikosi, tarehe. Tume ya makaburi iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri ambayo mpaka leo inanigusa: waliokufa wote ni sawa, jenerali na kuruti, tajiri na maskini, jiwe la ukubwa mmoja, jina la kila mtu lichongwe. Nimesoma majina safu baada ya safu kwa heshima zote. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu, na waliotunza makaburi yao hadi leo wamefanya kazi njema.

Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kilichotokea kwa Waafrika kiwe kizito. Mwaka 2021 tume yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Magharibi na Wamisri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni akaomba radhi. Ripoti inaonyesha kwamba haikuwa bahati mbaya. Baada ya vita maofisa waliandikiana barua wakakubaliana kwamba wenyeji wa huku hawajafikia kiwango cha kuelewa maana ya jiwe la kaburi, kwamba makaburi yao yaachwe yarudi kuwa pori, na kwamba ukumbusho mmoja wa jumla kwa kila mji utatosha.

Ukumbusho huo wa jumla ndio hawa niliowatembelea wiki nzima. Ninampenda askari wa Samora, nampenda mpagazi wa Kenyatta Avenue, na nitakwenda kuwatazama tena. Lakini sasa najua waliwekwa pale badala ya majina.

Hoja ya kwamba hatukujua maana ya kaburi inanichoma kwa sababu naijua Taita. Wazee wetu walihifadhi mafuvu ya wafu wao kwenye mapango, ukoo kwa ukoo, na kila aliyeingia alijua anayemtazama ni nani. Na Tanzania huru ilipopoteza vijana katika vita ya Kagera iliwazika Kaboya, kila mmoja na kaburi lake, na Siku ya Mashujaa, Julai 25, watu huwakumbuka.

Kutoka makaburini nikapanda daladala hadi Kariakoo, ambayo jina lake, kama la Kariokor ya Nairobi, limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Wajerumani walikuwa wamejenga hapa jengo la soko ambalo vita iliwahi kabla halijaanza kazi, na Waingereza walipouteka mji wakapafanya kambi ya wapagazi. Leo ni vitenge, simu, betri, mabegi, vyungu, watoto wa mjini wakibeba mizigo vichwani wakipiga kelele watu wapishe. Nimetafuta kibao chochote kinachosema nani walilala hapa kabla ya kupelekwa Rufiji. Hakuna.

Nilikuwa nafikiri suala la majina haliwezekani tena, mpaka niliposoma habari za Cape Town. Januari 2025 walifungua pale ukumbusho wa vibarua wa kijeshi 1,772 wa Afrika Kusini, wengi wao Weusi, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila kuwa na kaburi linalojulikana. Wengi wao walifia huku kwetu Afrika Mashariki. Mbunifu hakuweka mtu wa shaba. Aliweka nguzo za mbao, moja kwa kila mtu, na kila nguzo ina jina na tarehe ya kufa. Unatembea katikati yao kama uko msituni, na mbao yenyewe ni mvule.

Mvule tunao. Rejesta nyingi zimepotea, ila si zote, na tume imeanza kuzitafuta kwenye nyaraka za nchi zetu. Tusingoje majina yote 100,000 yapatikane. Tuanze na hayo yanayopatikana sasa, hata yakiwa 500, na tuyasimamishe Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, mahali watu wanapopita na mizigo yao, si kwenye kipilefti ambacho huwezi kuvuka. Kila nguzo ingekuwa na jina, jina la baba, kijiji, na namba ya kile kibati. Nguzo zisizo na jina bado ziwekwe pia, na pawe na nafasi ya familia kuja na jina zilizolitunza zenyewe, likachongwe siku hiyo hiyo na fundi aliyeketi pale pale. Mimi ninalo la kupeleka.